Intaneti ya nyumbani inakatika kwenye kompyuta ya mezani pekee, simu haina tatizo

Mfasiri_Mkongwe ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wenu katika jambo lililonisumbua kwa muda wa miezi miwili sasa, na ambalo kila niliyemweleza amelitolea jibu kabla sijamaliza kulieleza.

Ninaishi Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ya wakfu yenye ghorofa mbili. Kazi yangu ni kufasiri mikutano ya mtandaoni na kunakili maandishi kutoka katika sauti zilizorekodiwa, kwa hivyo siku nzima nakaa mbele ya kompyuta ya mezani. Waya wa faiba unaingia chini, ukumbini, karibu na mlango wa mbele, na ruta imewekwa hapo hapo juu ya kabati. Chumba changu cha kazi kipo ghorofa ya kwanza, upande wa nyuma. Kompyuta yenyewe haikuja na waifai, kwa hivyo nilinunua kile kidude kidogo cha kunasa waifai kinachochomekwa kwenye tundu la USB, nikakichomeka nyuma ya kasha la kompyuta lililopo chini ya meza, na kwa zaidi ya mwaka mmoja kilifanya kazi bila ya lawama yoyote.

Tangu miezi miwili iliyopita mawasiliano yamekuwa ya kubahatisha. Kurasa zinafunguka nusu kisha zinasimama, sauti ya mkutano inakuwa kama ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya mtungi, halafu picha zinaganda, na baada ya dakika mbili au tano kila kitu kinarudi chenyewe kana kwamba hakikuwahi kutoweka. Hali huwa mbaya zaidi jioni na usiku. Simu yangu, iliyopo juu ya meza hiyo hiyo na inayotumia waifai hiyo hiyo, inaendelea kucheza video bila ya kusita.

Kampuni inayotuletea huduma ilimtuma kijana mmoja, ambaye alisimama ukumbini mbele ya ruta, akapima kasi kwa simu yake, akanionyesha kwamba megabiti ninazolipia zinafika zote, kisha akaondoka bila ya kupanda ngazi. Nimezima na kuwasha ruta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimeondoa programu ya kompyuta inayoendesha kile kidude na kuiweka upya. Sijabadilisha kitu kingine chochote katika kompyuta hii wala katika nyumba hii.

Swali langu ni hili: je, ninunue ruta mpya, ninunue kompyuta mpya, au nihamie kampuni nyingine? Fedha ninayo ya moja tu kati ya hayo matatu, na nisingependa kukosea. Naomba pia izingatiwe kwamba kuta za nyumba hii ni za matumbawe na chokaa, zenye unene unaokaribia nusu mita, na kwamba sina ruhusa ya kuzitoboa.

Fundi_Nyaya amejibu:

Wa alaykumu salaam ndugu yangu. Nakuomba usinunue chochote kwanza. Maelezo yako ni mazuri kuliko mengi ninayoyapata, lakini bado hayatuambii kiungo kipi ndicho kinachokatika, na mtu anayenunua ruta kabla ya kulijua hilo anaweza kujikuta na ruta mpya na tatizo lile lile.

Kati ya kompyuta yako na tovuti unayoifungua kuna safari yenye vipande kadhaa. Kipande cha kwanza ni kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta, yaani ndani ya nyumba yako. Cha pili ni waya wa faiba kutoka kwenye ruta hadi kwenye mitambo ya kampuni. Cha tatu ni kutoka kwa kampuni kwenda ulimwenguni, kupitia nyaya za chini ya bahari. Yule kijana alipima kipande cha pili na cha tatu, akakuta ni vizima, na kwa hilo hakukudanganya. Kasoro yake ni kwamba alikiruka kile kipande ambacho wewe ndiwe unayelalamikia.

Fanya hivi. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri kwa kuandika cmd katika sehemu ya kutafutia, kisha andika ipconfig na utafute mstari wa Default Gateway. Namba utakayoiona hapo, ambayo katika nyumba nyingi huwa 192.168.1.1 au inayofanana nayo, ndiyo anwani ya ruta yako. Baada ya hapo fungua madirisha mawili kama hilo na uyaweke ubavu kwa ubavu. Katika la kwanza andika ping 192.168.1.1 -t, ukiweka namba ya ruta yako ikiwa ni tofauti, na katika la pili andika ping 8.8.8.8 -t, ambayo ni seva ya Google inayojibu wakati wote. Kila sekunde kompyuta itakuwa inabisha hodi katika milango hiyo miwili na kuandika imechukua milisekunde ngapi kuitikiwa.

Yaache madirisha hayo yakiwa wazi unapofanya kazi. Mkutano utakapoganda, usiguse kitu, yatazame. Ikiwa ruta inaendelea kujibu vizuri lakini 8.8.8.8 imenyamaza, basi lawama ipo nje ya nyumba yako na una haki ya kuwapigia simu wale watu, ukiangalia pia kama taa iliyoandikwa LOS kwenye kifaa cha faiba imewaka nyekundu, kwa sababu taa hiyo maana yake ni kwamba mwanga wa faiba haufiki. Ikiwa yote mawili yamenyamaza kwa pamoja, au majibu ya ruta yamepanda ghafla kutoka milisekunde 3 hadi mamia, basi tatizo limo baina ya kompyuta na ruta, na hakuna kampuni duniani itakayolitibu kwa kukubadilishia kifurushi. Na kama siku moja ipconfig itakuonyesha anwani inayoanza na 169.254, ujue kompyuta imeomba anwani kwa ruta, haikupewa, ikajipa yenyewe.

Nina maombi mengine mawili. La kwanza, zima data ya kampuni ya simu kwenye hiyo simu yako kabla ya kuendelea kuitumia kama shahidi. Simu za siku hizi ni wajanja. Waifai ikilegea, nyingi huhamia kwenye data kimyakimya, na mwenye simu huendelea kuisifu waifai huku vocha yake ikiyeyuka. La pili, nenda kwenye Device Manager, fungua sifa za kile kidude cha waifai, na katika ukurasa wa umeme uondoe alama ya tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme. Hilo peke yake limewahi kuniponyea kompyuta zaidi ya moja.

Andika saa ya kila mkatiko na ulichokuwa ukikifanya wakati huo, hata kama unaona hakihusiani.

Kijana_wa_Kinondoni amejibu:

Ndugu Mfasiri, mimi nilikuwa na tatizo kama lako na likaisha kwa dakika moja. Badilisha DNS kwenye kompyuta uweke 1.1.1.1 badala ya ile ya kampuni, kwa sababu DNS za kampuni nyingi huzidiwa nyakati za jioni, watu wote wanapokuwa majumbani mwao. Sababu ya pili inayowezekana ni nyaya za baharini. Tusisahau kwamba tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja na nchi zetu za Afrika Mashariki zikakaa siku kadhaa na intaneti ya kuchechemea, kwa hivyo si kila mara kosa huwa la mtumiaji. Kuhusu hayo madirisha mawili ya ping, naona ni kujichosha bure kwa mtu ambaye si fundi.

Fundi_Nyaya amejibu:

Ndugu wa Kinondoni, kubadilisha DNS hakudhuru na siku nyingine husaidia kweli, lakini tuangalie kama kunaendana na dalili tulizopewa. DNS ni kama karani wa mapokezi: unamtajia jina la tovuti, naye anakupa namba yake. Ukishaipata namba, karani hahitajiki tena mpaka utakapouliza jina jingine. Ndugu yetu anasema mkutano ambao tayari unaendelea, ambao sauti na picha zake zinapita kwenye anwani iliyokwisha kujulikana, unaharibika sauti kwanza kisha unaganda. Karani aliyelala hawezi kuwaziba midomo watu ambao tayari wamo ndani ya chumba wanazungumza. Kama tatizo lingekuwa ni DNS, mkutano ungeendelea vizuri huku kurasa mpya zikikataa kufunguka.

Kuhusu nyaya za baharini, tukio la Mei 2024 nalikumbuka vizuri, na simu zangu za wateja siku hizo sitazisahau. Lakini waya wa baharini ukikatika huikata nyumba nzima, na mtaa mzima, na mara nyingine nchi nzima. Hauwezi kuchagua kompyuta ya mezani ukaiacha simu iliyopo sentimita 40 kutoka hapo. Ndiyo maana nataka vipimo kabla ya dawa.

Mfasiri_Mkongwe amejibu:

Shukran kwa nyote. Nimefanya kama nilivyoelekezwa kwa siku tatu, na nimeandika kila kitu katika daftari.

Data ya simu niliizima tangu asubuhi ya siku ya kwanza. Simu kweli ilipungua mbwembwe, kwani mara mbili video ilisita kwa sekunde chache, lakini haikukatika hata mara moja wakati kompyuta ilipokuwa imekatika. Ile tiki ya umeme niliiondoa na sikuona mabadiliko.

Yale madirisha mawili ndiyo yaliyonishangaza. Wakati hali ni nzuri ruta hujibu kwa milisekunde 2 hadi 6. Mkatiko unapoanza, nambari hazinyamazi mara moja. Kwanza hupanda, 40, 180, 700, halafu hufuata mistari mitano au sita ya Request timed out, kisha jibu moja la milisekunde 1,200, kisha ukimya tena. Dirisha la 8.8.8.8 hufanya vivyo hivyo kwa wakati ule ule. Kwa hivyo, kama nimekuelewa fundi, tatizo limo ndani ya nyumba.

Katika siku hizo tatu nimeandika mikatiko 14. Saa zake nilizitazama kwa muda mrefu nikitafuta kawaida fulani. Mmoja tu ulitokea asubuhi, mitatu ilitokea mchana, na kumi iliyobaki ilitokea baina ya saa 2 na saa 5 usiku. Mwanzo nilidhani ni majirani, kwa sababu nikifungua orodha ya waifai nikiwa chumbani naona majina 19, na usiku wote huwa wamerudi makwao. Jikoni hatuna maikrowevu, tunapikia gesi, na pampu ya maji haiwashwi usiku.

Lakini nilipoangalia safu ya pili ya daftari, ile ya nilichokuwa nikikifanya, niliona maneno yanayojirudia: "nahamisha rekodi", "nahamisha rekodi", "nakili ya akiba". Kila jioni huwa nahamisha rekodi za siku hiyo kwenda kwenye diski ya nje, na ule mkatiko wa asubuhi ulitokea nilipokuwa nikiirudisha rekodi moja kutoka humo. Je, inawezekana kwamba kompyuta inazidiwa na kazi? Nauliza kwa aibu kidogo, kwa sababu niliandika kwamba sijabadilisha chochote, na sasa nakumbuka kwamba diski hiyo niliinunua miezi miwili iliyopita. Sikuihesabu kuwa ni badiliko kwa kuwa haihusiani na intaneti.

Fundi_Nyaya amejibu:

Inahusiana, ndugu yangu, tena sana, na mimi nilipaswa kukuuliza siku ya kwanza ni nini kingine kilichochomekwa nyuma ya hilo kasha.

Nijibu mambo mawili kabla hujafanya lolote. Je, diski hiyo ni ya USB 3.0, yaani tundu lake kwenye kompyuta lina ulimi wa buluu ndani? Na je, limo jirani na tundu lenye kile kidude cha waifai? Nitaongeza na la tatu: ikiwa unatumia mausi isiyo na waya, hebu kumbuka kama nayo huwa inagugumia au kurukaruka wakati wa kuhamisha rekodi.

Naeleza sababu ya maswali hayo. USB 3.0 husafirisha data kwa kasi ya hadi gigabiti 5 kwa sekunde, na umeme unaopanda na kushuka kwa kasi hiyo katika waya, katika tundu na katika diski yenyewe hutoa kelele ya redio inayovuja hewani. Kelele hiyo imesambaa, lakini sehemu yake moja huangukia baina ya gigahezi 2.4 na 2.5, yaani pale pale inapokaa waifai ya kawaida, na ndipo pia zinapokaa mausi nyingi zisizo na waya na vifaa vya bluetooth. Hili si la kukisia. Intel, ambao ni miongoni mwa waliobuni USB 3.0, walichapisha maelezo yake mwaka 2012 pamoja na vipimo. Diski ikiwa imetulia kelele ni ndogo. Ikianza kuandika gigabaiti kadhaa mfululizo, ni sawa na mtu aliyewasha mashine ya kusaga nafaka karibu na sikio la anayejaribu kusikiliza redio ya mbali.

Na kwako redio ni ya mbali kweli. Wimbi linatoka ukumbini, linapita kuta za matumbawe, linapanda ghorofa, na linapofika chumbani limebaki mnong'ono. Simu iliyo juu ya meza bado inausikia mnong'ono huo kwa sababu ipo mahali pa wazi. Kidude chako kipo chini ya meza, nyuma ya sanduku la bati, pengine kimeelekea ukutani, halafu sentimita 2 kutoka hapo kuna diski inayopiga kelele. Kwa mwaka mzima kilivumilia bati na ukuta. Diski ndiyo iliyokuja kumalizia. Kompyuta haizidiwi na kazi hata kidogo.

Usiniamini kwa maneno, ithibitishe. Leo usiku washa madirisha ya ping, chomoa diski kabisa, na ufanye kazi kwa saa moja. Kisha ichomeke palepale ilipokuwa na uhamishe faili kubwa kwa makusudi. Ukiweza kuuleta ugonjwa kwa mkono wako na kuuondoa kwa mkono wako, basi tumeupata. Ukishindwa kuuleta, tutaendelea kutafuta. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa sababu ukihamisha diski, ukageuza ruta na ukabadilisha chaneli, yaani njia ya redio inayotumiwa na waifai, kwa usiku mmoja, hata ukipona hutajua umeponywa na nini.

Tiba yake ni rahisi kuliko yote matatu uliyotaka kununua. Tafuta waya wa kurefushia USB wa mita 1 hivi, ule wa kawaida wa USB 2.0, uuchomeke kwenye tundu jeusi, na mwisho wake wenye kidude uulete juu ya meza, mbali na kasha na mbali na diski. Diski ihamishie kwenye tundu la mbele la kompyuta. Baada ya hapo ndipo tuzungumze juu ya chaneli: kwa majina 19 hewani, ingia kwenye ruta uichagulie moja kati ya chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani, kwa kuangalia ipi ina majirani wachache. Ruta nyingi hujichagulia zenyewe zikiwa ukumbini, na hewa ya ukumbini siyo hewa ya chumbani kwako.

Bi_Darini amejibu:

Salamu kutoka Mombasa. Nimeingia kwenye mazungumzo haya kwa sababu na mimi nakaa Mji wa Kale katika nyumba yenye kuta kama hizo za Mfasiri, na nimekwisha kupigana nazo. Fundi amesema kweli kuhusu diski, lakini kwa mtu anayekula kwa mikutano ya mtandaoni mimi ningeshauri waifai aiachie simu, na kompyuta ya mezani aipe kebo. Kompyuta haihami chumba. Kwa nini iteseke hewani?

Kutoboa ukuta si lazima. Sisi kebo tuliitoa kwenye ruta, tukaipitisha pembeni mwa mlango, tukaipandisha na ngazi kwa kuifunga chini ya mkono wa ngazi, kisha ikaingia chumbani kupitia tundu la hewa lililo juu ya mlango. Kwetu ilikula mita 23, na kebo hizi huruhusiwa kufika hadi mita 100, kwa hivyo hakuna nyumba ya Mji wa Kale au ya Mji Mkongwe itakayoishinda.

Ninaonya juu ya jambo moja ambalo lilinigharimu wiki mbili. Ncha za kebo yangu zilibanwa na fundi wa barabarani, na intaneti ikaja, nikashukuru. Baada ya miezi kadhaa ikaanza kukatika na kurudi. Nilipoangalia hali ya muunganisho kwenye Windows niliona megabiti 100, ilhali ruta na kompyuta zote mbili ni za gigabiti 1. Kebo ina nyaya nane. Megabiti 100 hutumia nne tu, gigabiti huzihitaji zote nane. Kwa hivyo nambari hiyo ilikuwa ikinieleza tangu mwanzo kwamba kuna waya haugusi. Nilipokata ncha ya upande wa ruta, iliyokuwa karibu na dirisha linaloelekea baharini, meno yake ya shaba yalikuwa yamefanya ukijani. Chumvi ya hewa yetu haina huruma. Nunua kebo iliyobanwa kiwandani ya urefu unaoutaka, au ukibana ncha mwenyewe zikague kwa kile kipimo chenye taa nane, na uziweke mbali na dirisha.

Swali kwa Mfasiri: ruta yako imechomekwa moja kwa moja ukutani? Yetu ilikuwa ikijizima na kujiwasha kila friji ilipoanza kunguruma, na taa za nyumba hazikutikisika hata kidogo.

Mfasiri_Mkongwe amejibu:

Ndugu zangu, nimerudi na matokeo, na nimechelewa kwa makusudi ili niwe na siku za kutosha za kuyasema.

Fundi, majibu ya maswali yako yote matatu yalikuwa ni ndiyo. Ulimi ni wa buluu, matundu yamekaa juu na chini bila ya nafasi hata ya kupitisha kidole, na mausi kweli ilikuwa ikirukaruka, ila mimi nilidhani betri zake zimechoka na nikazibadilisha mara mbili. Nilifanya jaribio kama ulivyoeleza. Bila ya diski, saa moja na robo, ruta haikuvuka milisekunde 9. Niliporudisha diski palepale na kuanza kuhamisha faili ya gigabaiti 12, mistari ya Request timed out ilianza kabla sijahesabu kumi. Nikasimamisha uhamishaji, ikarudi. Nikaanzisha, ikaondoka. Nilimwita mama aje aone, naye akauliza kwa nini nachezea kitu kinachoniharibikia.

Waya wa kurefushia niliupata Darajani kwa bei ndogo kuliko ya betri zile nilizozitupa. Sasa kidude kipo juu ya rafu ya vitabu na diski ipo mbele. Jana, kwa saa 8 za kazi, dirisha la ruta lilituma pakiti, yaani zile hodi, 28,000 na ushei, zikapotea 11, na wakati huo huo nilikuwa nimehamisha rekodi za siku nzima. Chaneli niliihamisha siku iliyofuata, kutoka 6 kwenda 11, na tofauti yake ilikuwa ndogo ingawa ipo.

Bi Darini, umeniamsha. Ruta imechomekwa kwenye soketi moja na friji. Niliingia kwenye ukurasa wake na kuangalia muda ambao imekuwa hewani tangu iwashwe, nikakuta saa 31, na hakuna mtu aliyeizima. Kwa hivyo kulikuwa na ugonjwa wa pili umejificha nyuma ya wa kwanza, na mkatiko mmoja wa mchana, ambao daftarini haukuandikiwa diski wala rekodi, sasa nimeuelewa. Nimeihamishia kwenye soketi ya peke yake na nimeagiza kibetri cha volti 12 cha kuishikilia umeme unapoyumba.

Kebo nimeipima kwa uzi kutoka kwenye kabati la ukumbini hadi mezani kwangu: mita 17 na nusu. Nitanunua ya mita 20 iliyobanwa kiwandani, na nitaipitisha chini ya mkono wa ngazi baada ya kuzungumza na wenzetu wa ghorofa ya juu, kwa kuwa ngazi ni yetu sote.